Nani Kasema Sabbath Ilikufa 1979?

Juzi usiku hosteli tulibishana mpaka mwenzangu wa chumba akachomoa spika yake. Kisa? Nilisema naipenda Heaven and Hell kuliko Paranoid. Akanijibu eti mimi si shabiki wa kweli: Black Sabbath ilikufa Ozzy Osbourne alipofukuzwa mwaka 1979, kilichobaki ni jina tu.

Jamani, mgala muue na haki yake mpe. Bila miaka ile ya mwanzo tusingekuwa na cha kubishania. Ni vijana wanne wa Birmingham, na mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani, akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akaendelea kupiga. Albamu yao ya kwanza ya Februari 1970 ndiyo wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa metali. Hapo sibishi.

Ila mwaka 1979 bendi haikuwa ikichagua kati ya Ozzy na Ronnie James Dio. Ozzy alikuwa amezama kwenye ulevi na dawa za kulevya, kazi haiendi. Ilikuwa ni kupata mwimbaji mwingine au kuvunja bendi.

Na Dio hakuja kumuiga mtu. Sikiliza Iron Man: sauti ya Ozzy inafuata gitaa hatua kwa hatua. Dio analiacha gitaa lipite njia yake, yeye anapita yake. Tena maneno aliandika mwenyewe, wakati zama za Ozzy mengi yalitoka kwa mpiga besi, Geezer Butler. Ukisema hizo ni bendi mbili, nitakuelewa; hata wao walipozunguka tena na Dio mwaka 2007 walijiita Heaven & Hell. Lakini tofauti si lazima iwe feki.

Kinachoniuma hasa ni kwamba usiku ule alikuwepo dogo wa mwaka wa kwanza, amekuja kusikiliza tu. Alipoona watu wanapimana ushabiki, akaaga. Hapa chuoni wapenzi wa metali hatujazi hata daladala, halafu tunafukuzana!

Dio alifariki 2010. Ozzy naye Julai 2025, wiki chache baada ya kuwaaga mashabiki palepale Birmingham. Wenyewe wameshapumzika, sisi bado tunanuniana. Kaka, rudisha spika. Tuanze na Paranoid, nimekubali. Ila dogo aitwe kwanza.