Kamera Kuukuu Yaweza Kuona Yasiyoonekana

Je, msomaji, nyumbani kwako kuna kamera ya dijitali iliyolala kabatini tangu simu za mkononi zilipoinyang'anya kazi? Nyumba nyingi mjini zinayo. Ilinunuliwa kwa ajili ya harusi au mahafali, ikapiga picha za mtoto akijifunza kutembea, kisha ikasahaulika. Kabla ya kuiuza kwa bei ya kutupa, fahamu kwamba kamera kama hiyo yaweza kupewa kazi mpya: kupiga picha kwa mwanga wa infraredi, yaani mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni kamwe.

Huenda umewahi kuziona picha za aina hiyo kwenye kalenda au vitabu. Miti hung'aa kana kwamba imenyunyiziwa unga wa ngano, nyasi huwa nyeupe kama theluji, nayo mbingu huwa nyeusi huku mawingu yakijitokeza kama pamba. Wengi hudhani huo ni ujanja wa kompyuta. La hasha! Mwanga huo upo kila siku mbele ya macho yetu, ila macho yetu hayakuumbwa kuuona.

Aliyeugundua ni mwanafalaki William Herschel, kule Uingereza, mnamo mwaka wa 1800. Aliupitisha mwanga wa jua kwenye prizimu ukagawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua, kisha akapima joto la kila rangi. Alipokiweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, joto lilipanda zaidi. Ikabainika kwamba kuna miale mingine baada ya nyekundu.

Jicho letu huona mwanga wenye mawimbi ya kuanzia nanomita 400 hivi hadi 700. Kitambuzi cha mwanga kilichomo ndani ya kamera, ambacho hutengenezwa kwa silikoni, huona hadi kufikia nanomita 1,100 hivi. Kwa hivyo, kamera yako huona zaidi yako! Lakini watengenezaji hawataki uwezo huo uharibu rangi za kawaida, ndiposa huweka kigae chembamba cha kioo mbele ya kitambuzi ili kuizuia infraredi. Kamera ya Leica M8, iliyotoka mwaka wa 2006, ilikuwa na kichujio dhaifu. Nguo nyeusi za nailoni zikawa zinatokea za zambarau, na kampuni hiyo ikalazimika kuwapa wanunuzi vichujio vya ziada vya kuvalisha lenzi.

Kuigeuza kamera basi ni kukiondoa kigae hicho na kuweka kingine mahali pake.

Anza na rimoti

Usikimbilie bisibisi. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye lenzi ya kamera, ubonyeze kitufe chochote huku ukitazama kioo cha kamera. Ukiona taa ndogo ya zambarau au nyeupe ikimetameta kwenye ncha ya rimoti, basi umeiona infraredi. Taa ikionekana wazi, kigae cha kamera hiyo si kizito sana. Ikiwa hafifu mno au isionekane, kigae kinazuia karibu kila kitu. Watoto hulifurahia jaribio hili, na halina gharama yoyote.

Hatua ya pili ni kununua kichujio cha nje, kile cha kuskurubu mbele ya lenzi, kinachopitisha mwanga wa kuanzia nanomita 720 hivi. Ukikitazama utadhani ni kioo cheusi tu. Kwa kuwa kigae cha ndani bado kinazuia, kamera itahitaji sekunde kadhaa, pengine hata nusu dakika, kupiga picha moja juani. Kwa hivyo weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, panga picha yako kwanza, kisha ndipo uvalishe kichujio. Upepo ukivuma majani yatatokea kama moshi, na mtu hawezi kutulia muda huo wote. Hata hivyo, utajua kama unazipenda picha hizi kabla hujatumia pesa nyingi.

Hatari iliyojificha ndani

Ikiwa umeshaamua kuigeuza kamera yenyewe, nisikilize kwa makini. Kamera yenye flashi huwa na kapasita ndani yake, kidude kama pipa dogo, ambacho huweka umeme wa kiasi cha volti 300. Umeme huo hubakia humo hata baada ya betri kutolewa. Kidole kikigusa mahali pasipofaa, shoti yake yaweza kukujeruhi vibaya. Huu si mchezo wa kumwachia mtoto wakati wa likizo, hata kama ni hodari wa kufungua redio. Kama hujui kuitoa chaji ya kapasita kwa usalama, mpe fundi wa kamera aifanye kazi hiyo.

Isitoshe, ndani mna skurubu ndogo ndogo za urefu tofauti na nyaya bapa nyembamba kama karatasi ambazo hukatika upesi. Chembe moja ya vumbi ikinaswa chini ya kioo kipya itaonekana kwenye kila picha. Unene wa kioo hicho nao ni muhimu, kwani kisipolingana na kile cha kwanza, picha huenda zisitokee kali. Kamera zenye kioo cha kuakisi ndani huhitaji kurekebishwa upya namna zinavyolenga. Zile zinazolenga kwa kutumia kitambuzi chenyewe hazina taabu hiyo.

Mafundi waliobobea wako ng'ambo. Kule Marekani kuna kampuni kama Life Pixel na Kolari Vision ambazo hufanya kazi hiyo. Ukitaka kuwatumia, piga hesabu ya kazi, usafirishaji wa kwenda na kurudi, pamoja na ushuru. Mara nyingi jumla itapita bei ya kamera yenyewe. Mtu mwenye kamera moja tu, na hasa mwanafunzi anayejilipia karo kwa kupiga picha za arusi, asiiguse hiyo. Kamera ikishageuzwa, picha za kawaida hutoka na wekundu wa ajabu, na kuirudisha ilivyokuwa ni gharama nyingine. Geuza ile ya pili, tena iliyo nzima, siyo mbovu.

Utaulizwa uchague kioo. Cha nanomita 720 ndicho kinachowafaa wengi. Cha 590 huacha rangi nyingi zaidi, majani yakawa ya dhahabu. Cha 850 hutoa nyeusi na nyeupe tupu. Wengine huweka kioo kisichozuia chochote, kisha huvalisha vichujio tofauti tofauti kwa nje.

Jua kali ndilo rafiki

Kwa kawaida wapiga picha hushauriwa waepuke jua la adhuhuri. Hapa mambo ni kinyume. Jua la utosini ndilo hung'arisha majani, kwa sababu klorofili hainyonyi infraredi, nazo chembechembe za jani huirudisha kama kioo. Hewa nayo haiutawanyi mwanga huo sana, ndiyo maana mbingu huwa nyeusi. Julai ya Nairobi, na mawingu yake mazito, haitakupa mengi. Subiri Januari au Februari, uende msitu wa Karura, bustani ya Arboretum, au ushuke Pwani penye minazi.

Picha ya kwanza itatoka nyekundu, usishtuke. Elekeza kamera kwenye nyasi zilizo juani, uiamrishe ichukue hizo kuwa ndiyo nyeupe. Hifadhi faili ghafi kama kamera inaruhusu, ili uweze kuzirekebisha kwenye kompyuta. Ukiona doa jeupe katikati ya picha, ni lenzi inayoleta hivyo. Fungua tundu lake zaidi, na lisipotoweka, tumia lenzi nyingine.

Ngozi ya mwanadamu, iwe nyeusi au nyeupe, hutokea nyororo na nyeupe zaidi ya ilivyo, na suti nyeusi yaweza kutokea ya kijivu. Hapa pana jambo la heshima. Mwaka wa 1998 kampuni ya Sony ilizirekebisha kamera zake za video zenye uwezo wa kuona gizani, baada ya kugunduliwa kwamba, zikitumiwa mchana na kichujio, ziliweza kupenya baadhi ya nguo nyepesi. Kwa hivyo mtu akikubali umpige picha, mweleze kwanza kamera hiyo ni ya namna gani, umwonyeshe picha, na asipoipenda uifute mbele yake. Mzazi naye ajue mwanawe anaelekeza wapi lenzi hiyo.

Aidha, msidhani kwamba kamera hii hupima homa au huona watu gizani kwa joto la miili yao. Hizo ni kamera za aina nyingine, zenye vitambuzi tofauti kabisa.

Yako manufaa yaliyo zaidi ya urembo. Jani lenye afya hurudisha infraredi nyingi, lakini linalokauka hurudisha kidogo. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikitumia siri hiyo kuchunguza mimea duniani tangu mwaka wa 1972. Wachunguzi wa hati nao hutumia infraredi, kwa kuwa wino mbili zinazofanana machoni huweza kutofautiana kabisa chini ya mwanga huo, na tarakimu iliyoongezwa kwa hila ikajianika yenyewe. Mwanafunzi anayetafuta mradi wa maonyesho ya sayansi ana pa kuanzia. Apande sukumawiki katika mikebe miwili, mmoja aunyime maji, kisha apige picha kila siku saa ile ile na alinganishe.

Kwa leo, chaji ile betri na utafute rimoti. Mengine yatafuata kulingana na mfuko wako. Jumapili njema.