AC ya lori haipulizi? Usiuze ng'ombe kwanza!

   Wiki hii mambo ya mapenzi na harusi tunayaweka kando kidogo, tunapanda kwenye kabini ya lori. Usinune dada yangu. Huenda mchumba wako ni dereva, na ile hasira anayorudi nayo jioni si kwamba hakupendi, ni joto tu.

Nipo Didia, kati ya Tinde na Shinyanga mjini. Kaa kijiweni hapa kando ya lami dakika kumi tu, utahesabu malori mpaka uchoke: ya mpunga, ya pamba, ya mafuta, yanayokwenda Mwanza na Geita. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijaanza, jua la huku si mchezo. Injini iko chini ya kiti, kioo kikubwa cha mbele kinaleta jua lote usoni. Dereva akifungua dirisha anakula vumbi, akifunga anaiva. Joto linachosha, uchovu unaleta usingizi, na usingizi kwenye usukani hauna simile. Kwa hiyo msidhani AC kwenye lori ni ubishoo. Ni usalama.

Sasa sikilizeni kisa. Mjomba wangu ana lori moja la kubebea mpunga, ndilo linalosomesha watoto wake. AC ikaanza kuchoka. Akaipeleka gereji fulani (jina nalimeza), jamaa akachungulia tu, hata geji hakuigusa, akatoa hukumu: "Mzee, kompresa imekufa. Tafuta nyingine." Bei aliyotajiwa ilikuwa sawa na ng'ombe wawili wazima. Mjomba akarudi nyumbani, akaanza kuwaangalia ng'ombe wake zizini kwa jicho la kuagana.

Nikamwuliza swali moja tu. "Mjomba, inagoma saa zote?"

"Hapana mjomba," akajibu. "Asubuhi inapuliza baridi safi. Nikiwa kwenye mwendo, poa kabisa. Nikisimama kwenye foleni ya mizani ndipo inaleta upepo wa jikoni."

Hapo wajameni ndipo penye siri. Kompresa iliyokufa haijui asubuhi wala mchana. Mfu hafufuki kila kukicha!

Ili uelewe, kumbuka spiriti unayopakwa kabla ya sindano. Ikikauka unasikia baridi, kwa sababu inapogeuka kuwa mvuke inaondoka na joto la ngozi. AC ni hivyo hivyo. Gesi ya magari mengi inaitwa R134a, nayo huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kompresa inaikandamiza mpaka inakuwa ya moto. Inapita kwenye kondensa, ule wavu wa alumini ambao kwenye malori mengi uko mbele ya rejeta, nyuma ya shoo. Pale upepo unaipokonya joto, inakuwa maji. Kisha inapenyezwa kwenye tundu dogo la valvu, inaingia evapoleta iliyo nyuma ya dashibodi, inachemka, inanyonya joto la kabini. Kwa maneno mengine, AC haitengenezi baridi. Inabeba joto la ndani na kulitupa nje.

Sasa kondensa ikizibwa, joto litatupwa wapi? Lori likiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani unasaidia kidogo. Likisimama, kwisha habari. Presha inapanda, na kwenye mifumo mingi kuna swichi inayoizima kompresa isije ikapasuka. Kompresa ya mjomba haikufa, ilikuwa inajiokoa!

Haya, funga kibwebwe tukague nyumbani. Zima injini, iache ipoe, weka vizuizi vya matairi. Ukiinua kichwa cha lori hakikisha kimejifunga kwenye komeo lake kabla ya kuingiza shingo yako chini. Kile kitu hakina huruma.

Anza na filta ya kabini. Wengi hata hawajui kama ipo. Ya mjomba ilikuwa imevaa koti la vumbi la pumba za mpunga. Filta ikiziba, baridi inakuwepo lakini upepo haufiki. Dalili yake ni feni ya ndani kupiga kelele nyingi huku mkono wako ukisikia upepo kiduchu. Mpya haina bei ya kutisha.

Pili, fungua shoo uitazame kondensa. Hapo tulikuta makubwa: nyuzi za pamba, mabawa ya panzi, makapi na tope lililokauka. Godoro kabisa! Isafishe kwa brashi laini na maji ya bomba yanayotiririka taratibu, ukiweza yasukume kutoka upande wa rejeta kuja nje ili uchafu utoke ulikoingilia. Usithubutu kupeleka pampu ya presha karibu. Yale mapezi ya alumini ni laini kama karatasi ya sigara, yakilala upepo haupiti tena.

Tatu, feni na mkanda. Washa injini, simama mbali, mikono na mikufu yako iwe mbali zaidi. Feni ya kondensa inazunguka? Mkanda wa kompresa umelegea au unapiga yowe? Washa AC usikilize "tak!" Hiyo ni klachi ya kompresa inashika. Isiposhika, angalia fyuzi na rilei kwanza. Gesi ikiwa ndogo mno pia kuna swichi inayoizuia isishike, kwa hiyo kimya cha kompresa si cheti cha kifo. Na usiunge waya moja kwa moja kuilazimisha ifanye kazi. Mafuta yake yanazunguka pamoja na gesi. Gesi ikikosekana itajisaga yenyewe, halafu hapo ng'ombe watauzwa kweli.

Nne, tazama mabomba. La nene linalorudi kwenye kompresa linatakiwa liwe baridi na litoke jasho. La upande wa kondensa ni la moto, lisogelee kwa akili. Halafu tafuta mahali penye mafuta yaliyoshika vumbi, maana gesi inapovuja huondoka na mafuta kidogo. Paka povu la sabuni hapo. Likitoa mapovu, umemkamata mwizi.

Kwa mjomba, kondensa iliposafishwa AC ilifufuka palepale, hata lori likiwa limesimama. Ila tulikuta doa la mafuta kwenye kiungo kimoja cha bomba, na povu likachemka. Hapo tukaweka spana chini. Kazi ya gesi si ya nyumbani. Ikikurukia inagandisha ngozi na kupofusha jicho, na ikikutana na moto inatoa hewa ya sumu. Mjomba akamtafuta fundi mwingine mjini, mwenye geji na pampu ya kunyonya hewa. Akabadilisha oringi moja, kampira kadogo kuliko pete ya uchumba, akanyonya hewa na unyevu wote, akajaza gesi kwa kuipima kwenye mizani. Kwisha. Ng'ombe wawili wapo zizini mpaka leo, wanacheua.

Sasa wewe msomaji, kuna wimbo mmoja wa magereji usiucheze: "Tuongeze gesi kidogo." Gesi ya AC haiishi kama dizeli. Inazunguka humohumo. Ikipungua, jua inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kuchota maji kwa ungo. Mwambie fundi akuonyeshe geji. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, joto la nje likiwa nyuzi 30, R134a inasoma psi 97 hivi. Ikisoma chini sana ya hapo, gesi imepotea. Ikisoma hapo, bado haithibitishi kwamba imejaa, ndiyo maana fundi wa kweli anapima uzito.

Jambo lingine, asikubali mtu kuifungulia gesi ipeperuke hewani. Ile ya zamani, R12, ilitoboa tabaka la ozoni, ndiyo maana dunia ikakubaliana kuiondoa kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. R134a haitoboi ozoni, lakini kilo moja yake inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya moshi wa kaboni. Makubaliano ya kuipunguza yalifikiwa Oktoba 2016 wapi? Kigali! Palepale yanapokwenda malori yanayokata kona Tinde kuelekea Kahama na Rusumo. Na huku kwetu ambako mvua ikichelewa kila mtu anahesabu debe za mahindi ghalani, tusilifanyie joto mzaha.

La mwisho kwa ndugu zangu utingo: AC ikishapona, msijifungie kulala kabini injini ikinguruma, hasa ndani ya yadi iliyofungwa. Moshi wa ekzosi hauna hodi, na aliyelala hausikii.

Kwa hiyo kabla hujasema "kompresa imekufa", chukua brashi, ndoo ya maji na povu la sabuni. Ukimaliza, funga vioo na uweke AC izungushe hewa ya ndani, siyo kuvuta ya nje yenye jua. Kisha umpeleke mchumba Shinyanga mjini mkiwa mmekaa kwa raha zenu. Hasira zikiendelea hata kwenye baridi, hapo dada yangu si joto tena. Hayo tutayaongea wiki ijayo!