Nishani za babu si vyuma chakavu

Kuanzia soko la Konyokonyo hadi vibanda vya Hai Mauna, mwenye shida mjini Juba huuza alichonacho. Leo sufuria, kesho redio. Hali ikizidi kuwa ngumu hutolewa kopo la bati lililokaa chini ya kitanda miaka yote. Ndani mna nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe uliofifia, noti za kigeni na cheti kilichokunjwa mara nne. Mnunuzi anayerudi Arua au Kampala huipima ile nyota mkononi, huikwangua kutafuta madini ya fedha, kisha hutaja bei ya chuma chakavu.

Kwanza, fedha hamna. Nyota ya Afrika na Nyota ya Burma, ambazo Uingereza iliwapa askari wa Vita Kuu ya Pili, ni shaba iliyochanganywa na zinki. Nishani ya duara ya vita hiyohiyo ni shaba na nikeli. Akizipeleka kwa sonara atachekwa. Kosa kubwa zaidi ni kwamba chenye thamani amekiacha ndani ya kopo.

Nishani nyingi za Uingereza za vita ile zilitolewa bila jina la mwenyewe. Nyota moja haitofautiani na maelfu ya nyingine, na kinachoitambulisha ni karatasi yenye jina, namba na kikosi cha askari. Wakusanyaji wa Ulaya wanalijua hilo, ndiyo maana hulipa zaidi nishani inapokuja na karatasi zake. Noti nazo ni hivyohivyo. Askari wa Keya waliopigana Burma mwaka 1944, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walikuta huko rupia zilizochapwa na serikali ya Japani kwa ajili ya nchi iliyoikalia. Vita vilipokwisha zikabaki karatasi tu. (Anayehesabu pauni, shilingi na dola kwa siku moja hahitaji kuelezwa habari ya noti iliyokufa.) Bila jina la aliyezileta, noti hizo hazina la kumwambia mtu.

Juba yenyewe ilikuwa njia ya vita hivyo. Mwaka 1941 askari wa Kongo, wa Force Publique, walipitia hapa wakielekea Ethiopia kupigana na Waitalia, na Julai mwaka huo Waitalia wakasalimu amri kule Saio. Burma nako vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipokea amri kwa Kiswahili. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lakini wazee walikuwa wamekwisha kutembea pamoja zamani.

Mwaka huohuo wa 2016, mwezi Julai, mapigano yaliwakimbiza watu Juba wakiwa na watoto na mafurushi. Kopo lililovuka Nimule likarudi salama limepona vita zaidi ya kimoja. Kulitawanya sokoni, nyota kwa huyu na karatasi jalalani, ni hasara isiyorudishika.

Kumlaumu mama anayeuza ni uonevu. Watoto hawali nishani. Anayeweza kubadilika ni mnunuzi. Akinunua, anunue kopo zima, aandike jina la askari, kikosi na alikopigana, na alipe kama mtu anayejua anachonunua. Asidhani pia kwamba mpakani litapita kwa cheti rahisi cha asili cha Jumuiya, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000. Cheti hicho ni cha bidhaa za nchi wanachama, na nishani hizi hazikutengenezwa kwetu.

Kabla ya kopo kuondoka Hai Mauna, mnunuzi atoe simu yake, apige picha kila kitu, nishani mbele na nyuma, cheti kikiwa kimekunjuliwa, na kuitumia familia. Ni kazi ya dakika tano.