Kuinua Pikapu si Kuiongezea Nguvu



Katika mashamba ya chai ya magharibi mwa Uganda kumeingia mtindo wa kuinua pikapu. Gari hupelekwa kwa fundi mjini, likawekewa vipande vya chuma kati ya ekseli na springi, kisha likavalishwa matairi makubwa. Linaporudi shambani limesimama juu kama korongo, na watoto wa kambini wanalikimbilia kulitazama. Kule Marekani jambo hili ni la zamani, na wengi huinua magari yao kwa kupendeza tu, hawabebi kitu. Hilo ni lao. Sisi tunaambiwa kwamba gari lililoinuliwa ndilo gari la kazi, litavuta tela la majani mabichi na kubeba mbolea na watu wakati wa mvua. Mimi nasema si kweli, na anayelipia kosa hilo si mwenye gari, bali ni dereva, utingo na wachumaji.

Mimi si fundi. Lakini nimekaa na madereva katika vikao vya malalamiko miaka mingi, na haya nitakayoeleza walinionyesha wenyewe, tukiwa tumelala chini ya gari.

Tuanze na matope, maana ndiyo sababu inayotolewa kwanza. Majani ya chai huwa mengi wakati wa mvua, nayo hayangoji. Lazima yafike kiwandani siku ile ile, la sivyo yanapata joto ndani ya gunia na kuharibika. Barabara za shambani wakati huo zina makorongo ya magurudumu. Kwa hiyo meneja anaona gari likiwa juu litapita. Sasa chungulia chini ya pikapu hiyo. Kitu kinachokwama kwenye tuta la katikati ni ile difu ya nyuma, nayo imo kwenye ekseli. Vile vipande vya chuma vimeinua bodi na chasisi, ekseli imebaki pale pale. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, na tairi ya inchi 33 badala ya inchi 30 huinua difu kwa inchi moja na nusu tu. Fedha zote zile, kwa inchi moja na nusu!

Na hiyo inchi na nusu nayo ina bei. Tairi ikiongezeka kwa sehemu moja ya kumi, nguvu ya kuvuta inayofika ardhini hupungua karibu kwa kiasi hicho hicho, kama gia za difu hazikubadilishwa. Dereva analazimika kuchezea klachi kila kilima. Breki nazo ni zile zile za zamani, ila sasa zinasimamisha tairi kubwa na nzito zaidi. Klachi ikiungua, dereva anaitwa ofisini na kuambiwa ameharibu gari, mshahara ukatwe. Ndugu madereva, Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haimruhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo. Msitie sahihi karatasi ya namna hiyo kabla ya kumwona katibu wa tawi.

Sasa tela. Tela linataka kwenda likiwa sawasawa, mkono wake umelala. Ukiinua pikapu bila kushusha ndoano ya kuvutia, pua ya tela inatazama juu na uzito unarudi nyuma. Dereva yeyote aliyevuta tela anajua kwamba uzito ukiwa nyuma, tela linaanza kutikisa mkia, na likishaanza huwezi kulituliza kwa breki. Pikapu yenyewe nayo, kwa kuwa uzito wake umepanda juu, inalala upesi zaidi kwenye kona na kwenye mteremko wa ubavuni.

Niliona matokeo yake mwaka 2022 katika shamba moja ambalo sitalitaja. Pikapu iliyoinuliwa ilikuwa ikishuka na tela lililojaa magunia. Tela likaanza kuyumba, dereva akakanyaga breki, tela likasukuma pikapu kutoka nyuma na kuigeuza ubavu, ikalala. Utingo alikuwa amekaa juu ya magunia. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Baada ya wiki moja ikaja barua: dereva alikuwa na mwendo wa kasi. Yeye aliapa kwamba kipimo kilisoma 40. Ninaamini kilisoma 40, maana kwenye tairi zile kipimo kinaposoma 40 gari linakwenda 44. Tofauti si kubwa, lakini hakuna aliyemwambia. Na hakuna aliyeuliza tela lile lilikuwa na kilo ngapi. Halikuwa na breki zake, na pikapu nyingi za leo zimewekewa na watengenezaji kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki. Magunia yale niliyahesabu yakiwa bado yametawanyika mtaroni. Yalipita kikomo hicho kwa mbali.

Hapo ndipo penye udanganyifu mkubwa. Gari likiwa juu linaonekana lina nguvu. Uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba umeandikwa na mtengenezaji kwenye kibati au katika kitabu chake, na umetokana na chasisi, ekseli, breki na tairi vikichukuliwa pamoja. Vipande vya chuma haviongezi hata kilo moja. Lakini nyapara akiona bodi haijabonyea anasema, ongeza!

Kuna jambo jingine ambalo wanaume katika kamati zetu hawalioni, mpaka mama mmoja mchumaji aliposimama mkutanoni na kulisema. Springi zimepandisha gari inchi 4, tairi inchi 1 na nusu. Jumla inchi 5 na nusu. Ubavu wa bodi uliokuwa kifuani pake sasa uko begani. Kila gunia la majani analopakia, na kila mfuko wa mbolea wa kilo 50 anaosaidia kuinua, sasa lazima upite mabega. Alisema hivi: “Wao wameinua gari mara moja, sisi tunaliinua kila siku.” Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mzigo wa kuinuliwa kwa mikono na mwanamume mzima usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, kilo zile zile zikiinuliwa hadi mabegani huumiza mgongo kuliko zikiishia kiunoni.

Wako madereva vijana watakaonipinga. Mmoja aliniambia, “Mzee, pasipo gari hili ningelala njiani.” Simdharau. Kuweka springi imara za nyuma, zinazoinua gari kidogo ili lisibonyee likiwa na mzigo wake halali, ni jambo la maana, na mafundi wazuri hulifanya. Mimi nasemea gari la inchi 4 lililofungiwa tela. Trekta lipo shambani, na tela lake limetengenezewa kazi hiyo. Na barabara ikichimbiwa mitaro na kumwagiwa changarawe wakati wa kiangazi, hata pikapu ya kawaida itapita.

Kuhusu kupanda watu juu ya magunia, Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unasema mashine na vifaa vya kilimo visibebe watu kama havikutengenezwa au kurekebishwa kwa ajili hiyo. Utingo akae ndani na dereva. Kama nafasi hakuna, aje na gari linalofuata.

Kamati za matawi zitakapokutana na wasimamizi kabla ya mvua za Machi, ziombe kibati cha kila pikapu kisomwe mezani, mizani ya majani itumike kupima na tela pia, na palipo pa kupakia pajengwe jukwaa la kimo cha bodi. Pikapu zilizoinuliwa zisifungiwe tela tena. Wakitaka kuendelea kuzivutia tela, wazirudishe kwa fundi yule yule azishushe, na gharama isikatwe kwa dereva.