Nyumba ya Wagonjwa na Bei ya Kiwanja



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo lidhaniwalo kuwa la matajiri na maofisa tu, kumbe lagusa kila nyumba: majengo ya hospitali za umma kuthaminiwa kama vitega uchumi.

Mji ukikua, viwanja vya katikati hupanda bei, na huko ndiko ziliko hospitali nyingi kongwe. Basi huja mwenye kuuliza: lau pangejengwa maduka au hoteli, pangeleta kodi gani? Kuuliza si haramu. Mali ya umma yapasa ijulikane thamani yake, na nchi yetu ina sheria ya uthamini ya mwaka 2016. Lakini hospitali ya umma haiuzwi sokoni kila siku. Kwa hiyo aghalabu mthamini hukadiria gharama ya kuijenga upya, kisha hutoa uchakavu. Ndipo jengo kongwe likaandikwa thamani ndogo na kiwanja chake thamani kubwa, na tamaa ikaingia hapo.

Na tutazame Unguja. Mwaka 1887 tajiri Tharia Topan aliweka msingi wa jengo kubwa Mji Mkongwe, likabili bahari, kwa nia ya kuwatibu wagonjwa. Alifariki 1891, na jengo likamalizika 1894. Mwaka 1900 lilinunuliwa kwa mali aliyoiacha Haji Nasser Nur Mohamed, likawa la hisani: chini zahanati, juu makao ya watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 liliingia mikononi mwa serikali, likachakaa. Katika miaka ya 1990 shirika la utamaduni la Aga Khan lililitengeneza, likawa kituo cha utamaduni. Kazi hiyo yastahili sifa, kwani roshani zake za nakshi zimeokoka. Lakini kuokoka kwa jengo ni jambo moja, na kuokoka kwa kusudi lake ni jingine.

Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aizuie asili yake isiuzwe wala isirithiwe, na mazao yake yawe sadaka. Hospitali ya serikali si wakfu kisharia, ila imejengwa kwa kodi ya wote, na kipimo hiki chaifaa. Yajengwe maduka ubavuni mwake, ikiwa kodi yake yanunua dawa. Na jengo libadilishwe kazi, ikiwa wagonjwa wamekwisha kupata jingine lililo bora na wanaloweza kulifikia.

Mama atokaye Namtumbo na mtoto mgongoni, kuja hospitali ya mkoa hapa Songea, hahesabu bei ya kiwanja, ahesabu nauli. Hospitali ikisogezwa mbali, nauli iliyozidi haimo katika daftari la mthamini, lakini yeye ndiye ailipaye.

Enyi vijana, kesho mtakuwa wathamini na madiwani. Kabla ya kutia saini, ulizeni: mali hii ni ya nani, faida yake yamwendea nani, na mgonjwa atakwenda wapi?

Wabillahi taufiki.