Wanaosema Vitabu Havituhusu Mayfair

Husemwa, tena na sisi wenyewe Waafrika Mashariki wa Mayfair, Johannesburg, kwamba aliyevuka mipaka yote ile amefuata riziki, na riziki haitafutwi kitabuni. Anayesema hivyo amesahau alichosomeshwa. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, wajumbe sita wanatumwa pande zote kutafuta mema ya kuifaa nchi yao, na wakirudi malipo yao ni kifungo. Shuleni wengi tulikisoma kwa ajili ya mtihani, tukakariri wahusika na maudhui. Kisome leo, umeacha kwenu, umekesha mipakani, na kila simu ya nyumbani inauliza umetuma kiasi gani. Utawaelewa wajumbe wale mmoja mmoja. Mwenye safari nzito ndiye mwenye haja zaidi ya hadithi ya kuipimia.

Wengine hudai fasihi ya Kiswahili imeishia Dar es Salaam na Nairobi, huku Kusini haijafika. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020, alifundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Botswana, Gaborone, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka hapa. Riwaya yake Rosa Mistika, ya mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania. Humo baba anamlea binti kwa kipigo na vitisho, na siku binti anapopata uhuru hajui autumie vipi. Wazazi wa mtaa huu wanaowafungia mabinti ndani kwa kuihofia Johannesburg, nao wana sababu za kuihofia, wangefaidika na kitabu hicho kuliko mawaidha mengi wanayoyasikia.

Dai linaloniuma zaidi ni kwamba jiji hili lina wenyewe, na vitabu vyake havina habari zetu. Peter Abrahams alizaliwa mwaka 1919 Vrededorp, jirani zetu wa ng'ambo ya reli. Baba yake alikuwa Mwethiopia. Basi zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kabla hatujafungua hata duka moja Barabara ya Nane, mtu wa Pembe ya Afrika alikwishafika hapa, akaoa, akazaa, na mwanawe akawa miongoni mwa waandishi weusi wa kwanza wa Afrika Kusini kusomwa duniani.

Riwaya yake Mine Boy, ya mwaka 1946, inamfuata Xuma, kijana kutoka kaskazini anayeingia Johannesburg usiku, hana anayemjua, akitafuta kazi mgodini. Anapokewa na Leah, mwanamke anayeishi kwa kuuza pombe ya magendo huku akiwakwepa polisi. Nani kati yetu hakufika namna hiyo, akaokolewa na mlango wa mtu asiye ndugu yake? Abrahams mwenyewe hakujua kusoma hadi alipokuwa kijana mdogo anayefanya kazi kwa mfua vyuma. Msichana mmoja wa ofisini alimsomea kisa cha Othello, naye akataka shule. Ameyaeleza hayo katika Tell Freedom, mwaka 1954. Kila nikisikia kwamba mtoto wa dukani hana haja ya kitabu, namkumbuka yeye.

Kuna na wanaolalamika kwamba habari zetu huandikwa na wageni. Ni kweli Jonny Steinberg, aliyeandika A Man of Good Hope, si Msomali. Lakini kitabu kile kinasimama juu ya kumbukumbu za Asad Abdullahi, aliyekimbia Mogadishu akiwa mtoto mwaka 1991, akapita Islii, Nairobi, na Ethiopia, mpaka maduka ya vitongoji vya Afrika Kusini. Na anayetaka kalamu ya Msomali anaye Nuruddin Farah, aliyeishi Cape Town kwa miaka mingi, na aliyeanza mwaka 1970 na riwaya ya msichana anayekimbia ndoa ya kulazimishwa.

Limebaki la kwamba vitabu vya Kiswahili havipatikani madukani kwetu. Hapo sibishi sana. Ila kila wiki yupo anayekuja kutoka Nairobi au Dar, na tunamwagiza majani ya chai, madera na viatu. Kusadikika ni kitabu chembamba. Kinaenea kwenye mfuko wa koti.