Mwamba Ngoma Ngozi Huivutia Kwake

Ndugu wanachama, tumezoea kusikia kwamba Kanada ni nchi ya watu wapole ambayo mambo yake hayana kelele. Lakini huko Kanada kumekuwa na ugomvi wa miaka mingi, na ugomvi huo watuhusu, maana ni ugomvi wa kujua njia ni ya nani: ya mwenye waya au ya watu wapitao humo. Leo twataka kuueleza, na kuvihukumu vyama vya siasa vya nchi ile kwa matendo yao. Mwisho tutajiuliza wenyewe swali lile lile, kwa kuwa chama kisichojiuliza ni chama kilicholala.

Kwanza maana yake. Intaneti hutufikia kwa waya au kwa minara ya simu, na waya na minara ni mali ya kampuni. Mteja hulipa, kisha husoma gazeti alitakalo na kumpelekea barua amtakaye. Usawa wa intaneti ni kanuni moja tu: kampuni ipitishe kila kitu sawasawa, isizuie hiki, isicheleweshe kile, wala isipendelee kingine kwa bei. Ni kama reli. Mwenye reli hana haki ya kubeba pamba yake na kuyaacha mahindi ya mkulima yaoze stesheni. Wakanada wenyewe walilijua jambo hili zamani: mwaka 1906 Bunge lao liliiweka kampuni ya simu ya Bell chini ya makamishna wale wale waliosimamia reli. Na Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1993 yakataza upendeleo usio wa haki, tena yakataza kampuni kutawala maneno ya watu bila kibali cha CRTC, yaani Tume ya kusimamia redio, televisheni na simu.

Basi hofu yatoka wapi? Yatoka hapa: kule Kanada mwenye njia ndiye mwenye duka. Bell ina waya na simu, na pia ina televisheni ya CTV. Rogers ina waya, na ina Citytv. Videotron ya Quebec ni mali ya Quebecor, wenye televisheni ya TVA. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Wako wasemao kwamba hofu hii ni ndoto. Twawajibu kwa yaliyotokea. Mwezi wa Julai 2005 kampuni ya Telus, iliyo kubwa huko magharibi ya Kanada, ilikuwa katika mgogoro na wafanyakazi wake. Ukurasa mmoja wa intaneti uliwaunga mkono wafanyakazi. Telus ikaufunga, wateja wake wasiweze kuusoma. Ilisema kwamba ukurasa ule ulikuwa na picha zilizohatarisha watu waliokuwa wakiendelea na kazi. Kama ni hivyo, korti zilikuwapo. Lakini kampuni ilijifanya mshitaki, hakimu na askari kwa pamoja, na kwa pigo hilo moja ikafunga kurasa nyingine 766 zisizohusika, kwa kuwa tu zilikaa katika mashine moja na ule wa wafanyakazi. Ndugu zetu wa vyama vya wafanyakazi, fikirini: tajiri mnayegombana naye ndiye ashikaye mlango wa gazeti lenu!

Mwaka 2008 Bell ilianza kupunguza mwendo wa baadhi ya mawasiliano hata kwa wateja wa kampuni ndogo zilizokodi waya zake. Kampuni ndogo zikalalamika kwa CRTC, na mwezi wa Novemba zikashindwa.

Hapo ndipo vyama vilipopimwa. Chama cha NDP, chama kidogo Bungeni, kilisimama. Mwezi wa Mei 2008 watu waliandamana mbele ya Bunge huko Ottawa, na Bwana Charlie Angus wa NDP akapeleka muswada wa kuzuia kampuni kupendelea au kuzorotesha mawasiliano. Muswada ukafa Bunge lilipovunjwa mwaka ule. Mwaka 2009 akaupeleka tena, nao haukupita. Wahafidhina wa Conservative ndio waliokuwa Serikalini. Waziri wao wa Viwanda, Bwana Jim Prentice, msimamo wake ulikuwa kwamba hilo ni shauri la kampuni na wateja wao. Twauliza: mbuzi na chui wakiachiwa shauri lao, nani atatoka na ngozi ya mwenzake? Waliberali, waliokuwa wapinzani, walitangaza mwaka 2009 kwamba wanaunga mkono usawa. Twawapongeza kwa kusema. Kusema ni rahisi ukiwa huna funguo za ofisi.

Mwezi wa Oktoba 2009 CRTC ilitoa kanuni. Kampuni haikukatazwa kabisa kupunguza mwendo, bali ilitakiwa kuwaambia wateja mapema na kutoa sababu. Mwanzoni mwa 2011 Tume iliruhusu kampuni ndogo zitozwe kwa kipimo ambacho kingewamaliza wateja wao. Karibu watu nusu milioni wakatia saini kupinga. Na Wahafidhina wale wale, waliosema ni shauri la kampuni na wateja, wakatangaza kwamba Tume isipogeuza uamuzi wataugeuza wao! Kumbe lilikuwa shauri la Serikali tangu mwanzo. Kilichokosekana kilikuwa sauti ya watu.

Baadaye Tume nayo ilipata nguvu. Mwezi wa Januari 2015, kwa malalamiko yaliyoanzishwa na mwanafunzi mmoja, iliiamuru Bell iache kuuza televisheni yake kwenye simu kwa bei nafuu kuliko televisheni za wengine. Mwezi wa Aprili 2017 iliikataza Videotron kutohesabu muziki wa wale iliowachagua huku ikihesabu wa wengine. Kazi hiyo ilifanywa na sheria ya zamani na watu wasiochoka. Chama gani chadai sifa? Hakuna chenye haki nayo.

Sasa tazameni mwaka 2018. Marekani ilikuwa imeamua Desemba 2017 kuziondoa kanuni zake za usawa, na Kanada wakashtuka. Waliberali walikuwa Serikalini tangu 2015, tena wenye wabunge wengi. Bwana John Oliver, mbunge wao kutoka Ontario, akaleta hoja ya kuunga mkono usawa, na mwezi wa Mei vyama vyote vikubwa vikaikubali, hata Wahafidhina. Kamati ya Bunge nayo ikashauri kwamba kanuni hiyo iingizwe katika sheria. Makofi yakapigwa. Lakini hoja si sheria. Bunge lile likavunjwa mwaka 2019 bila neno hilo kuandikwa katika Sheria ya Mawasiliano. Waliokuwa na kura za kuliandika walitosheka na kulisifu.

Hukumu yetu ni hii. NDP walisema mapema, wakati kusema kulikuwa na gharama. Wahafidhina walikuja walipokuwa hawana budi. Waliberali walipiga kelele nje ya nyumba, wakanong'ona ndani. Na chama kinachokubaliana na kila mtu siku ya makofi hakijathibitisha lolote.

Mabwana wa kampuni hujibu: waya ni zetu, tumetia fedha zetu. Sawa, walipwe kwa kupitisha. Lakini waya hizo zapita katika barabara za umma, na mawimbi ya simu hutolewa na Serikali kwa leseni. Anayepewa njia ya watu awe mchukuzi, asiwe mfalme.

Ukiona mwenzio ananyolewa, tia maji. Hapa Afrika Mashariki kinyozi amekwisha kupita. Mwaka 2014 Facebook, pamoja na kampuni za simu, iliingia Tanzania na Kenya na intaneti ya bure, yaani kurasa chache zilizoteuliwa, nyingine zote ulipie. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. India ilikataa bei za ubaguzi wa namna hiyo mwezi wa Februari 2016. Na Uganda, mwezi wa Julai 2018, Serikali yenyewe iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa atakaye kutumia WhatsApp na Facebook. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando. Basi mtoza ushuru wa maneno aweza kuwa tajiri, na aweza kuwa Serikali.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, msiridhike na chama chochote kisemacho kinapenda usawa, wala chama chetu. Katika mikutano ya matawi waulizeni viongozi wetu: mtaiandika kanuni hii katika sheria, ndiyo au siyo? Na sheria hiyo itaifunga mikono Serikali kama itakavyoifunga kampuni, ndiyo au siyo? Akijibu kwa hotuba, mwulizeni tena. Ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa hulipwa kwa maneno.